Mgeni wa Dar, isome nyumba kabla ya kumsikiliza dalali

Mhariri,

Habari za nyumba za kupanga Dar es Salaam hazikauki magazetini: wapi kodi imepanda, wapi foleni imezidi, daraja gani linajengwa. Swali moja wanalouliza sana wanaohamia halipati nafasi. Mtu anatoka Bukoba, Newala, Tanga au Bujumbura, ana kazi, ana watoto wawili, anataka mtaa ambao hatakuwa peke yake wa aina yake, na pia hatazungukwa na watu wa kwao tu kana kwamba hakuondoka kijijini. Akauangalie wapi?

Jibu analopewa ni kwamba Dar watu wote wamechanganyika. Hiyo ni kweli ya nusunusu. Jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022 limechanganyika ukilitazama kwenye ramani. Ukishuka mtaani unakuta sehemu ambazo barabara nzima imetoka wilaya moja, na nyingine ambazo wapangaji sita wa nyumba moja wana makabila sita. Tofauti hiyo haitokani na upole wa watu wa hapo. Inatokana na aina ya nyumba zilizojengwa, ukubwa wa vyumba, na nani aliyekuwa na mamlaka ya kugawa funguo.

Mji huu tangu mwanzo uligawanywa kwa majengo. Enzi za Wajerumani na baadaye Waingereza, kanuni za ujenzi ziliruhusu nyumba za aina ya Kizungu upande mmoja, maghorofa yenye maduka chini upande wa Uhindini, na nyumba za miti na udongo Kariakoo, penye jina lililobaki la kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps. Haikuwa lazima kuandika rangi ya mtu mlangoni. Kilichoanza kuuvuruga mgawanyo huo ni uhuru, na zaidi sheria ya 1971 iliyoitwalia Serikali nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi Sh100,000. Maghorofa ya Upanga na katikati ya mji yakaingia kwa Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji wa wizarani akapewa ufunguo wa mlango unaotazamana na wa familia ya Kihindi iliyoishi hapo tangu kabla. Ndiyo maana hadi leo ziko ngazi Upanga ambazo ukipanda wakati wa chakula cha jioni unapishana na harufu tatu tofauti za vitunguu. Lakini uliza jengo kwa jengo. Yapo majengo ya jumuiya za dini yanayopangishwa wenyewe kwa wenyewe, na hayo hata uwe na fedha taslimu hutaingia. Mtaa mzima unaweza kuonekana mchanganyiko huku kila ghorofa likiwa la watu wake.

Aina ya pili ni nyumba ya Kiswahili, ile ya Ilala, Magomeni, Temeke, Mwananyamala: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani kuna jiko, choo na kamba za nguo. Kwa kuchanganya watu, hakuna jengo linaloishinda, kwa sababu chumba kinapangishwa kimojakimoja na mwenye nyumba hasubiri apate watu sita wanaofanana. Fundi, mwalimu, muuza mitumba na mwanafunzi wa chuo wanapikia ua mmoja. Ubaya wake uko kwenye hesabu. Vyumba sita vikiwa na wastani wa watu watatu ni watu 18 kwa choo kimoja, na kwa kawaida LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Kabla ya kutoa fedha uliza mambo matatu: umeme unachangwa kwa kichwa, kwa chumba au kwa vifaa, zamu ya usafi inapangwa na nani, maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au ya kisima, na kama ni kisima, yana chumvi kiasi gani. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kikabila katika nyumba hizi chanzo chake ni pasi na friji kwenye LUKU ya wote.

Aina ya tatu ndiyo ningemwelekeza mwenye familia: Sinza na Kijitonyama, maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja vyenye huduma wa miaka ya 1970. Viwanja ni vidogo na vilitolewa kwa mgao, si kwa kuuziana kindugu, kwa hiyo majirani hawakuchaguana. Juu ya hilo, wenye nyumba wengi wakajenga banda la uani la vyumba viwili au vitatu. Matokeo yake kiwanja kimoja kina familia iliyostaafu mbele na vijana watatu wa mikoa mitatu nyuma, na kodi za viwango tofauti geti moja.

Linganisha na pembezoni mwa jiji, ambako watu wengi walinunua viwanja kwa kuambiana. Mmoja kanunua, kamwita shemeji, shemeji kamwita mwenzake wa kwaya. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila anayekwenda kupanga huko ajue kwamba anaweza kuwa anaingia kwenye ukoo. Barabara nazo zina neno. Watu wa Kusini wengi waliingia kwa Barabara ya Kilwa, na ukienda Mbagala utasikia Kiswahili cha Lindi na Mtwara kila kona. Waliotoka Kaskazini na bara walishukia stendi ya mabasi ya Ubungo, na tangu 2021 wanashukia ya Mbezi Luis, na wengi wamejenga kufuata Barabara ya Morogoro. Mgeni hufikia kwa ndugu, naye ndugu yuko kando ya barabara iliyomleta. Chumba cha kwanza kinatafutwa hapohapo kwa miguu. Anayetaka mchanganyiko atazame zaidi maeneo yaliyo kati ya barabara mbili kubwa, kama hiyo Sinza, iliyo kati ya Barabara ya Morogoro na ya Bagamoyo, panapofikika kutoka pande zote.

Masaki wengi huitaja kwanza kwa sababu ya wageni wa nje. Pasipoti ni nyingi, kweli. Kuta nazo ni ndefu, na watu wanajuana kupitia walinzi.

Ukishachagua mitaa miwili au mitatu, usianze na dalali. Anza na genge. Simama hapo saa kumi na moja jioni watu wanaporudi kazini, nunua nyanya za mia tano usionekane mpelelezi, utazame meza. Kisamvu kilichotwangwa na nazi mbili tatu kando yake: kuna watu wa Pwani na Kusini. Mshare wa mtori ni wa Kilimanjaro. Ndizi za Bukoba zimelazwa kivyake, na muuzaji atakusahihisha ukizichanganya. Mlenda mkavu ni wa Dodoma na Singida. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza wako kwenye makopo mawili, kwa kuwa mlaji wa hawa hawataki wale. Mwenye genge hana friji, wala hana mtaji wa majaribio. Kinachokosa mnunuzi kinaoza au kinamfungia mtaji, na hakiletwi tena, kwa hiyo kilichopo mezani kina mlaji wake nyumba za karibu. Ukikuta vitatu kati ya hivyo kwenye meza moja, endelea kuulizia chumba hapo. Ukikuta nyanya, vitunguu na mchicha peke yake, bado hujajua kitu. Duka la Mangi, yaani la Mchaga, pia halithibitishi lolote maana liko kila mahali. Duka la Mangi na la Mpemba yakitazamana, na yote mawili yana foleni, hapo angalau pana jambo.

Tembelea mtaa mara tatu: Ijumaa saa saba mchana, Jumapili saa nne asubuhi, na siku ya kazi saa mbili usiku. Mbili za kwanza zinakuonyesha nani anakwenda wapi, na kama barabara inazibwa na waumini wa upande mmoja tu. Ya tatu inakuokoa na kosa la Kariakoo. Mchana Kariakoo ina Mchina, Mhindi, Mkinga na Mkongomani kwenye korido moja. Lakini nyumba nyingi za Kiswahili za pale zimekwishabomolewa na kujengwa maghorofa ya maduka na stoo, na usiku sehemu kubwa hubaki na makufuli. Watu wanachanganyika kufanya biashara, kisha kila mmoja anarudi kwao. Anayetaka jirani haongezi chochote kwa kuishi juu ya stoo.

Tazama pia bucha na sehemu za kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Panapokuwa na vyote viwili, na cha pili kikiwa pembeni, mbali na msikiti, bila moshi wake kuelekea madrasa, ujue kuna wazee waliokwishakaa wakakubaliana. Panapokuwa na mvutano utauona: mabango ya vitisho, au baa iliyofungulia spika kuelekea nyumba ya ibada, au nyumba ya ibada iliyofungulia spika kuelekea kila mtu. Kelele ndiyo gharama kubwa ya mtaa uliochanganyika, na mgeni asidanganywe. Kutakuwa na adhana alfajiri, mkesha wa maombi, na kigodoro, ile ngoma ya usiku kucha, Jumamosi, vyote wiki moja. Malalamiko hupelekwa kwanza serikali ya mtaa, kisha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Lakini asiyeweza kabisa kulala kwenye kelele atafute ghorofa Upanga na kuusamehe ua.

Ukibahatika kukuta msiba, simama utoe pole. Turubai la msiba linasema mengi kuliko dalali. Angalia ni nani wanaoosha vyombo, nani kashika daftari la michango, na kama kuna Mnyamwezi anayemtania Mzaramo mbele ya wafiwa bila mtu kukasirika. Majirani wakiwa wamekaa pembeni kama wageni na kazi zote zimeshikwa na ndugu waliotoka mbali, mtaa huo watu wake wanaishi jirani tu, hawaishi pamoja.

Sasa dalali. Usisikilize majibu yake, sikiliza maswali yake. Akianza na kazi yako, idadi ya watu na miezi utakayolipa, yuko kwenye soko la kawaida. Akianza na kabila au dini, anakufikishia masharti ya mwenye nyumba, na mara nyingi mwenye nyumba huyo si peke yake kwenye mtaa huo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi na inataja kabila na dini, lakini mpangaji aliyekataliwa chumba kwa maneno ya mdomo hana karatasi ya kuonyesha. La busara ni kuondoka bila kubishana.

Fedha za kuingia zipangwe mapema. Chumba cha Sh100,000 kwa mwezi kikidaiwa miezi sita, ukaongeza mwezi mmoja wa dalali, ni Sh700,000 kabla ya godoro. Hapo ndipo wengi hujifunga: wanalipa miezi sita kwenye mtaa waliouona mara moja, tena kiangazi. Omba miezi mitatu, hata kwa kodi iliyozidi kidogo. Na uipime nyumba kana kwamba ni mwezi Aprili. Nyumba nyingi za bei nafuu zenye watu wa kila aina ziko bondeni: Kigogo na Jangwani upande wa Msimbazi, Tandale na Mwananyamala karibu na Mto Ng'ombe. Tafuta mstari wa tope ukutani nyuma ya kabati, kizingiti kilichoongezwa tofali mbili, mifuko ya mchanga iliyosahaulika uani, soketi zilizopandishwa usawa wa kifua. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta tu ina sababu.

Kabla ya kusaini, pita ofisi ya serikali ya mtaa. Unahitaji kujulikana hapo hata hivyo, kwa kuwa barua ya utambulisho utaihitaji benki, kwenye kitambulisho cha taifa na siku ya dhamana. Mwulize mtendaji wajumbe wa mtaa ni akina nani na wamekaa hapo muda gani. Majina matano yatakupa picha. Anayetoka nje ya nchi aende na nakala ya kibali chake cha ukaazi, asisubiri kuulizwa.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa halmashauri za jiji na manispaa: zinapopitisha ramani za kubomoa nyumba za Kiswahili, ziangalie nani anarudi. Magomeni Kota ilionyesha inawezekana, kaya 644 za zamani zilipotengewa nafasi kwenye maghorofa yaliyozinduliwa 2022. Bila hivyo, ghorofa la vyumba vitatu vitatu vya bei moja linaleta wapangaji wa mshahara mmoja. La pili ni kwako. Kwenye matangazo ya nyumba, usikubali maneno "familia ya Kikristo tu" au "Waislamu tu", na mwenye nyumba akisisitiza, mrudishie fedha yake ya tangazo. Nafasi hiyo aandike maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Msomaji wako,
Kijitonyama, Dar es Salaam