YAH: Malalamiko kuhusu rasimu ya tatu ya mkataba wa leseni ya programu ya zabibu

Ofisi ya Uhawilishaji wa Teknolojia,
Dodoma.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni.

Ndugu Mkurugenzi,

Rasimu mliyotuletea inaitwa leseni, ila vifungu vyake ni vya mauzo. Muhtasari wa masharti tuliousaini pande zote mbili unasema Chuo kinabaki na hakimiliki, na kampuni inapata haki ya kuitumia programu ya ratiba ya umwagiliaji na upuliziaji dawa za ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mizabibu). Kifungu cha 4 sasa kinawapa haki ya kipekee kwa mazao yote, nchi zote, hadi hakimiliki ikome. Kifungu cha 9 kinawapa pia kila boresho tutakalofanya, hata la mwanafunzi anayeandika tasnifu. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218. Anayetaka kuinunua haki hiyo aseme ananunua, na alete bei ya kununulia.

Upekee wenyewe hatuukatai. Tutautoa kwa zabibu tu, Tanzania Bara, kwa miaka mitatu, Chuo kikibaki huru kufundishia na kufanyia utafiti. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Misimu miwili ikipita programu haijawafikia wakulima, upekee ufutike wenyewe bila barua wala kesi. Bila sharti hilo kampuni inaweza kuifungia kabatini, na mwingine yeyote asiruhusiwe kuigusa.

Mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ambayo Chuo kitalipwa, ndio umetuudhi zaidi. Asilimia 5 haijabadilika, kilichobadilika ni maana ya "mauzo halisi": sasa mnatoa kwanza matangazo, kamisheni za mawakala, seva na mishahara. Mkulima akilipa shilingi 10,000 kwa msimu, mrabaha ni shilingi 500. Makato yenu yakiacha shilingi 2,000, unakuwa shilingi 100, na asilimia bado inasomeka 5. Makato yawe mawili tu: VAT na fedha zilizorudishwa kwa mteja. Taarifa ya mauzo ije kila robo mwaka, ndani ya siku 30, na mhasibu wetu aruhusiwe kukagua vitabu mara moja kwa mwaka. Akikuta upungufu unaozidi asilimia 5, gharama ya ukaguzi iwe yenu.

Kifungu cha 12 kinatutaka tudhamini kwamba ndani ya programu yetu hakuna programu huria, yaani vipande vya wengine vinavyoruhusiwa kutumiwa na yeyote kwa masharti ya leseni zake. Orodha ya vipande vyote mlishapewa: vingi viko chini ya leseni za MIT na Apache 2.0, zenye masharti mepesi, na kimoja cha ramani kiko chini ya GPL toleo la 3, leseni yenye masharti makali zaidi. Hicho tumekiweka kwenye seva makusudi, ili kisisambazwe. Mkikiunganisha na programu inayokwenda kwenye simu ya mkulima, mtakuwa mmeisambaza, na atakayeipokea atakuwa na haki ya kupata msimbo chanzo (maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na waundaji) wa programu hiyo kwa masharti yaleyale ya GPL. Ama kiachwe kwenye seva, ama mlipie kazi ya kuandika kingine. Dhamana tunayoweza kutoa ni kwamba orodha ni kamili kwa kadiri tunavyojua.

Namba za simu na maeneo ya mashamba ya wakulima wa majaribio haziingii kwenye leseni hii. Walizitoa kwa ajili ya utafiti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haituruhusu kuziuza pamoja na programu kana kwamba ni kiambatisho. Kiambatisho C kifutwe.

Tunaomba rasimu ya nne ndani ya siku 14, mabadiliko yote yakiwa yamewekewa alama; safari hii kifungu cha 9 kilibadilishwa kimyakimya na tumekigundua kwa kulinganisha mstari kwa mstari. Msimbo chanzo hautatolewa kabla ya saini. Mkihofia Chuo kuacha kuihudumia programu, nakala iwekwe kwa mtu wa tatu tutakayekubaliana, ifunguliwe tukishindwa kurekebisha hitilafu kubwa kwa siku 60. Ufunguo wa majaribio mlio nao utakwisha muda wake kama ulivyopangwa, na hatutauongeza.

Wenu katika kazi,

Mratibu wa Leseni na Milikibunifu
Nakala: Mwanasheria wa Chuo