Muulize Bi Mkubwa habari za kofia

London, Jumapili usiku

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Nimefika salama, mizigo yote imefika, na ile achari ya embe uliyoifunga mifuko mitatu haikuvuja hata tone.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi kwa mkono wa mtu, na simu tunazo. Nimempa kijana anayekuja Unguja wiki hii. Simu ikilia tu hapo nyumbani, Bi Mkubwa anasema, "Weka sauti nimsikie mwanangu," na Watsapu yako wajukuu wanaingia na kutoka kama duka la jirani. Haya ninayokwambia si ya kusikiwa naye, bado. Isome ukiwa peke yako, kisha itie motoni.

Unakumbuka ile siku ya mwisho, nilipokuaga kwamba nakwenda shamba kumtazama mtu niliyesoma naye? Nilikuongopea, unisamehe. Mimi niliondoka na miaka 7, nimesoma na nani huko? Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyelala chumba kimoja na Baba gerezani. Aliyenielekeza ni kinyozi.

Zile wiki mbili kabla yake ulikuwa ukiniona narudi nimekunja uso, huniulizi, unanitilia chai. Ofisi ya kwanza walitaka nambari ya faili la Baba. Ya pili wakataka cheti cha kifo ndipo walitafute hilo faili. Na wa cheti cha kifo nao wanataka kibali cha maziko. Nikamwambia yule binti wa dirishani, "Mwanangu, ningekuwa na kibali cha maziko si ningekuwa nalijua kaburi? Ningekuja kufanya nini hapa?" Akacheka, kisha akaona haya, akanitolea kiti. Sina la kumlaumu. Huenda hata mama yake alikuwa hajazaliwa 1971, mwaka aliochukuliwa Baba.

Na tusijidanganye. Abdulla Kassim Hanga na Othman Sharif walikuwa watu wakubwa serikalini, majina yao yakijulikana hadi nje. Walirejeshwa Unguja kutoka Bara mwaka 1969, wakawa hawakuonekana tena. Sasa Baba, karani wa bandarini, aliyesema barazani kwamba foleni ya mchele imeshinda tarawehe kwa urefu, nani akae amwandikie yeye faili? Mwaka ule, na njaa ile, neno hilo lilitosha. Wewe unajua zaidi kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa ukipanga hiyo foleni na kikapu.

Nilimkuta mzee juu ya mkeka anasokota kamba ya makumbi. Nilipomtajia jina la Baba hakuinua macho, alisema tu, "Una sauti yake." Akaendelea kusokota. Alisokota muda wote akizungumza, kamba inarefuka mapajani mwake, na mkono haukusimama hata pale ambapo mimi nilitaka usimame.

Anasema walikuwa watano. Baba aliletwa kumi la kati la Ramadhani, na hiyo inalingana na yetu, kwamba alitoka kwenda kuswali tarawehe na daku yake ikabaki imefunikwa. Idd waliipita humo humo ndani. Kisha Baba na yeye wakafunga sita, kuanzia Mfungo Mosi pili, yaani kesho yake Idd, mfululizo. Siku ya sita walifuturu kwa maji na kipande cha muhogo wa baridi. Usiku ule ule mlango ukafunguliwa, yakaitwa majina matatu, la Baba la pili. Mahakama za wananchi za miaka ile hazikuwa na wakili, lakini Baba hata huko hakufikishwa. Alivua kofia akampa mzee, akamwambia, "Nishikie, nisije nikaiangusha." Hakuna aliyerudi katika wale watatu.

Mzee alitolewa miaka miwili baadaye. Sikiliza hili, Dada: aliileta kofia. Alikuja nayo mtaani kwetu Ng'ambo ameikunja ndani ya shati, akitafuta nyumba kwa maelezo aliyopewa na Baba, mlango unaotazama mnazi, na nyumba akaikuta haipo. Ilikuwa imeshavunjwa kupisha yale majumba marefu ya Michenzani, tunayoyaita treni. Aliuliza, watu wakamtazama, akaogopa, akaondoka. Na Bi Mkubwa siku hiyo yuko wapi? Yuko hapo hapo, ng'ambo ya barabara. Mpaka leo tukimwambia ahamie kwako chini, magoti yasimuume na ngazi, jawabu lake ni moja: "Akirudi atatukutia wapi?"

Kofia yenyewe ililiwa na mchwa sandukuni. Lakini aliiweka miaka mingi na anaieleza. Ya viua, vile vitundu vya kudariziwa, kazi ya mkono, na nyuma, usawa wa sikio la kulia, viua vitatu vimeshonwa kwa uzi wa rangi nyengine. Baba alimwambia kwa kicheko kwamba mke wake aliishiwa na uzi, na madukani hakuna.

Ningependa kuishia hapo na kumwamini. Lakini mzee keshapindukia miaka 80, na mjukuu wake aliponisindikiza aliniambia kuwa siku nyengine humwita mkewe kwa jina la mama yake.

Nilimuuliza sheikh mmoja, bila ya kutaja majina. Amesema mauti yakithibiti kwa ushahidi na siku ikajulikana, eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ile ya kifo. Maana yake eda ya Bi Mkubwa, miezi minne na siku kumi, ilikwisha mwaka 1972 mwenyewe hana habari, na hadaiwi kitu. Ushahidi ukikosekana, Kadhi anaweza kuhukumu kuwa amekufa, kwa kuwa hirimu zake wote wameshakwenda, na hapo eda itaanza siku ya hukumu. Yule mwanamke, na umri ule, aanze kukaa eda leo! Majirani walipomwambia akae, si wewe uliyenisimulia alivyowajibu? "Kwa maiti gani?"

Naogopa na jengine. Huenda hataki kusamehewa. Huenda akataka kukaa siku zote 130 kamili, avae nyeupe, na hapo mimi na wewe tutasema nini?

Najua utasema nimekawia. Ni kweli. Usiku ule wa 1972, Mjomba aliponipakia kwenye ngalawa Pemba mpaka tukashuka Vanga, Kenya, alinambia nisitazame nyuma nitatapika, nami nikaifanya ndiyo dini yangu. Miaka 20 alinikataza yeye kurudi. Iliyobaki nilijikataza mwenyewe. Wewe ulibaki na mama, mimi nilipeleka pesa.

Sasa nina ombi. Siku mkikaa wawili mnachambua mchele, muulize tu kama linalokujia njiani: "Mama, usiku ule Baba alitoka na kofia gani?" Kisha nyamaza. Usimtajie uzi. Rangi sikuiandika hapa makusudi, usije ukamtia maneno mdomoni. Wewe ulikuwa na miaka 12, pengine unaijua tangu ulipoanza kusoma ukurasa huu. Na ukiijua, usiniambie wewe. Nataka itoke kwake.

Akitaja rangi, nitumie hiyo rangi kwa simu, neno moja tu, hata wajukuu wakiliona halina kitu. Akisema hakumbuki, niandikie kwamba mvua imenyesha.

Mdogo wako