Kwa Mumbua, kuhusu hofu iliyorudi Pangani

Buruburu, Nairobi

Mpendwa Mumbua,

Natumaini u mzima. Tangu uliponieleza kwamba, baada ya ile ajali yako na miezi mitatu ya kupanda matatu tena bila shida, ulitetemeka tena pale Pangani kwa sababu tu breki zililia, nimelifikiria sana neno ulilojiita, yaani "dhaifu", na silikubali hata kidogo.

Chembe za neva za ubongo zina vipokezi viitwavyo NMDA, mfano wa vilango vidogo. Chembe inapotulia, kilango huzibwa na magnesiamu, nacho hakifunguki mpaka mambo mawili yakutane: glutamati, yaani kemikali ya kupitisha ujumbe, ifike kutoka chembe jirani, na chembe yenyewe iwe imekwisha kusisimka. Hapo kalsiamu huingia, na kiungo baina ya chembe hizo huimarika. Siku ya ajali, mlio wa breki na maumivu ya bega lako vilifika pamoja katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, vikafungwa fundo moja. Mwaka 1986 mtafiti Richard Morris na wenzake walionyesha kwamba panya waliozuiliwa vipokezi hivyo walishindwa kujifunza mahali jukwaa lilipofichwa majini. Basi kilichokutia hofu ndicho pia kilichokufundisha njia za mji huu.

Kuzoea safari upya hakulifungui fundo la kwanza. Ni somo jingine, linalopitia vipokezi vilevile na kukaa juu ya lile la kale, na ndiyo maana hofu huweza kuchomoza muda ukipita au mahali pakibadilika.

Sikloserini, dawa ninayowapa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, husaidia kipokezi hichohicho. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba watu wanaoogopa urefu walionufaika zaidi na mazoezi ya kuikabili hofu hiyo ni wale walioinywa kabla ya kuanza, ingawa majaribio ya baadaye hayakukubaliana. Tafadhali usiitafute, kwa kuwa yaweza kuvuruga akili na kuleta huzuni nzito. Mshauri wako anakutosha kwa sasa.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakungoja stejini Ngara, twende pamoja hadi Roysambu na kurudi. Juma litakalofuata tutashika Barabara ya Jogoo, kwa sababu somo hili hushika vizuri zaidi likirudiwa mahali mbalimbali. Nitakaa upande wa dirisha, kama ulivyopenda zamani nikae.

Rafiki yako wa dhati,
Naliaka