Kurasa za mwisho za Yoana

Anastazia mpenzi,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani, na mama mpe shikamoo yake. Sisi huku wazima. Nisikucheleweshe maana mchapaji anataka kazi Ijumaa. Rasimu ya kitabu chako cha picha cha watoto, cha Yoana wa Arc, yule msichana wa Ufaransa aliyepigana na Waingereza, nimeisoma yote.

Maandishi matamu. Kinachonisumbua ni mgawanyo wa kurasa. Kati ya kurasa 32, vita umevipa kumi na nne, halafu kesi ya Rouen, karibu miezi mitano ya kesi na kifungo, umeibana kwenye ukurasa mmoja pamoja na moto. Mtoto anafunua kutoka taji la mfalme pale Reims mpaka kwenye kuni, hajui nani kamhukumu wala kwa kosa gani. Moto usio na maelezo ndio unaomtisha mtoto.

Vita vibaki na kurasa kumi. Mapigano ya Patay na ya Paris sentensi moja moja zinatosha. Orléans, mji uliokuwa umezingirwa na Waingereza, iache ilivyo: kaingia mjini 29 Aprili 1429, tarehe 7 Mei mshale ukamchoma kati ya shingo na bega, akarudi vitani siku hiyo hiyo, kesho yake Waingereza wakaondoka. Hapo ushujaa umeshaeleweka.

Zile nne jumlisha na ule mmoja, unapata tano: mbili za mahakama, mbili za moto, moja ya mama yake. Mahakamani, Deo achore kutoka usawa wa macho ya Yoana, ili hakimu, Askofu Cauchon, na wasomi wake waonekane wamemzidi kimo. Msichana wa miaka 19, hana wakili. Amweke ukurasa wa kulia, mbali na mkunjo wa katikati, la sivyo mshono utameza uso. Maneno yawe ya lile swali: je, umo katika neema ya Mungu? Akisema ndiyo, ana kiburi. Akisema hapana, amejihukumu. Akajibu: kama simo, Mungu anitie, kama nimo, Mungu anilinde. Mtoto wa miaka minane anauona huo mtego mara moja.

Kwenye moto, mwili usichorwe kabisa. Yoana aliomba msalaba, mtawa mmoja akauleta kutoka kanisa la jirani akauinua mbele ya macho yake. Mchoro uwe kutoka mgongoni kwa mtawa: mikono, msalaba, moshi, na nyuso za watu waliojaa sokoni. Tarehe iandikwe, 30 Mei 1431.

Na usiruke kutoka hapo hadi 1920, alipotangazwa mtakatifu! Mama yake, Isabelle, alisimama Notre-Dame ya Paris mwaka 1455 kudai kesi ya bintiye ifunguliwe upya, na tarehe 7 Julai 1456 hukumu ikabatilishwa. Baada ya huyo mama ndipo aje Papa Benedikto wa Kumi na Tano.

Mengine madogo. Kwenye jalada punguza kondoo, asionekane mchungaji tu. Mahakamani mwenyewe alijisifia kushona na kusokota uzi. Nywele ndefu zitoke. Najua ule mchoro wa karani wa Paris wa 10 Mei 1429 una nywele ndefu na gauni, lakini karani hakuwahi kumwona. Vitani nywele zilikatwa juu ya masikio kama za kijana wa kiume. Zile sauti alizosema anazisikia kutoka kwa Mungu zisichorwe kama mizimu: alisema ya kwanza ilimjia saa sita mchana bustanini kwa baba yake, kutoka upande wa kanisa, ikiwa na mwanga. Basi chora mwanga. Bendera nayo ni nyeupe, kwenye karatasi nyeupe itapotea, kwa hiyo nyuma yake liwekwe anga la buluu iliyokolea, na picha zivuke ukingo kwa milimita 3 zisije zikaacha mstari mweupe zikikatwa.

Nakurudisha kwenye zile kurasa tano, Anastazia, maana hayo madogo yanarekebishika hata dakika ya mwisho, zenyewe hapana. Deo atakubali kuchora upya mahakama? Mchapaji anaweza kukuongezea wiki moja? Karatasi ni gramu ngapi? Ikiwa 80, wino utaonekana upande wa pili; omba 130. Na Padre, ameshaiona sehemu ya Cauchon, au bado unamwogopa?

Nijibu upesi.

Wako,
Koku