Barua kwa mwanangu: vidonge unameza, kuanguka bado

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku Mbagala wazima. Shangazi yako amenipigia, kashasikia kwamba umeanguka kifafa tena hosteli, na hakukawia kuuliza: "Huyo mtoto dawa anameza kweli?" Nilimkatisha. Najua unameza, mama. Nakuandikia kabla maneno ya watu hayajakuingia.

Katika kila wenye kifafa kumi, karibu watatu huendelea kuanguka ingawa dozi wanaifuata. Huko Glasgow, Uskoti, watafiti Kwan na Brodie waliwafuatilia wagonjwa ambao hawakuwahi kutibiwa, wakachapisha matokeo mwaka 2000: dawa ya kwanza iliwatuliza 47 kwa kila 100, ya pili ikaongeza 13, ya tatu mmoja tu. Ndiyo maana dawa mbili zinazofaa zikishindwa, madaktari hukiita kifafa hicho sugu. Kwa maoni yangu, hapo si pa kubadilishiwa vidonge tu kila kliniki. Ni pa kutafuta chanzo.

Mara nyingi chanzo ni kovu kwenye ubongo. Ulipokuwa mdogo malaria ilikupanda kichwani, ukapata degedege la muda mrefu, na ugonjwa wa namna hiyo unaweza kuudhuru ubongo na kuuachia kovu. Dawa hutuliza umeme wa ubongo, kovu hailigusi. Wengine seli zao za ubongo zilikaa vibaya tangu wakiwa tumboni. Tena ipo nadharia kwamba kwenye mishipa ya damu ya ubongo kuna protini zinazoitoa dawa nje kabla haijafika, kama konda anayemshusha abiria ambaye hata hajakaa. Hiyo bado wataalamu wanabishana.

Lakini si kila dawa iliyoshindwa imekutana na kifafa sugu. Carbamazepine, kwa mfano, humsaidia sana mwenye aina moja ya kifafa, ila anayeshtukashtuka mikono asubuhi inaweza kumzidishia. Wapo pia wanaotibiwa kifafa kumbe ni moyo, au ni msongo wa mawazo. Kwa hiyo mwombe mwenzako wa chumbani akurekodi kwa simu ukianguka. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Muulize daktari: kifafa changu ni cha aina gani? Kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya ubongo, kinaonyesha kovu? Likiwa sehemu moja inayofikika, wapo wanaopasuliwa wakaacha kabisa kuanguka. Mama yako anasema (mimi naona haya) wakikuandikia dawa iitwayo valproate uwaulize habari ya ujauzito, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Usiache dawa ghafla, hata ukikasirika. Na wenzako wajue: ukitetemeka zaidi ya dakika 5, hospitali.

Nauli nimekutumia kwenye simu. Njoo na vidonge vyote, hata vile ulivyoachishwa.

Baba yako