Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa mwalo, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mwaloni, yaani ufukweni panaposhushwa samaki, katika siku hii ya tarehe 5 Juni ambayo dunia inaadhimisha Siku ya Mazingira. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wa wanafunzi, kwani tunatambua kuwa kazi yako katika masuala ya ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki haikuachii nafasi nyingi ya kuketi chini ya mwembe na kusikiliza risala. Tumeona tutumie muda tuliopewa kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni Ziwa Victoria, kwa sababu mengi tunayofundishwa darasani kuhusu changamoto za maendeleo endelevu katika nchi zinazoendelea tunayaona ufukweni kila siku tunapokwenda kuteka maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kwa nguzo. Waliotutangulia walisimika nguzo ya mti majini, wakaichora alama za sentimita, wakawa wanaandika kila Jumamosi kina cha maji na mvua iliyonyesha juma hilo. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda hadi kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, nguzo ile ilizama, vichanja vya kuanikia dagaa navyo vikazama, na baadhi ya familia za wenzetu zikalazimika kuhamia kwa ndugu zao. Ziwa hili hupata takribani asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, kwa hiyo mvua zikizidi maji hayana pa kwenda ila majumbani mwetu. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilichochewa na joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Bahari za dunia zinazidi kupata joto mwaka hadi mwaka, na joto hilo halikuletwa na injini za mitumbwi yetu.

Nguzo ya pili ipo, na daftari linaendelea. Kadiri tulivyoandika ndivyo tulivyoelewa kuwa tunapima kitu ambacho si cha kijiji wala cha taifa moja. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambazo karibu nusu zipo Tanzania, sehemu kubwa ya zilizobaki ipo Uganda, na Kenya ina takribani asilimia 6. Rwanda na Burundi hazigusi ufuko wake, lakini udongo wa milima yao hutufikia kwa Mto Kagera, pamoja na udongo wa Karagwe na Misenyi. Mkulima anayelima mteremko bila matuta, kwa kuwa hana shamba jingine, hajui kwamba mvua ikinyesha mbolea na rutuba yake vinakuja kurutubisha mwani huku kwetu. Naye akijua, atafanya nini? Umaskini wake ndio unaomlimisha pale, na kumhubiria bila kumwezesha ni kumwonea.

Sangara, samaki anayeupa mkoa wetu jina huko nje, naye si mzaliwa wa hapa. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za wakoloni, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewatafuna furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hadi mamia ya aina zao zikatoweka au zikabaki kwa nadra. Babu zetu wanawakumbuka furu kwa majina. Sisi tunawaona wachache tu, na wengine tumewaona kwenye picha. Kwa upande mwingine, sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, na hatuwezi kusimama mbele yako tukamlaani samaki aliyewalipia ada baadhi yetu. Tunachokiona ni kwamba minofu hupanda ndege, na kwa miaka mingi kilichobakia mwaloni kwa mama lishe na wateja wake kilikuwa mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishatolewa. Halafu kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa kwa awamu, safari moja kwa hofu ya kipindupindu na safari nyingine kwa taarifa za uvuvi wa sumu. Uvuvi wa sumu ulikuwa aibu yetu wenyewe na tuliustahili ukali ule. Kuhusu kipindupindu, Shirika la Afya Duniani lilieleza wakati uleule kwamba kuzuia chakula kisiingie nchini si njia sahihi ya kuzuia ugonjwa huo, lakini wavuvi walikuwa tayari wameshavuta mitumbwi yao nchi kavu. Huo si ushirikiano, Mheshimiwa, kwa sababu aliyeamua hakuwa na cha kupoteza.

Ushirikiano wa kweli tumewahi kuuona, na uliletwa na mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji, mmea unaoelea na kutanda juu ya maji, lilianza kuonekana ziwani, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga ghuba, bandari na mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Wataalamu wa Uganda, Kenya na Tanzania, wakisaidiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, walizalisha wadudu wadogo jamii ya fukusi ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, lilikotoka gugu lenyewe, wakawaachia ziwani. Vijiji vilishiriki kuwafuga katika matangi. Mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 vilisaidia pia, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imekufa. Nchi moja ingefanya kazi hiyo peke yake, gugu lingerudi na upepo wa jioni kutoka kwa jirani. Linarudi hata leo, kwa sababu maji machafu ya miji yetu bado yanalilisha, ila njia ya kupambana nalo tunaifahamu.

Karatasi hatujazikosa. Mkataba wa Uvuvi wa Ziwa Victoria ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994, na Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ikatiwa saini Arusha tarehe 29 Novemba 2003, ikiwa na kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Pamoja na hayo, Kenya na Uganda zimevutana kwa miaka kuhusu Migingo, kisiwa kidogo kuliko uwanja wa mpira, na huku kwetu makokoro na nyavu za timba, zana za uvuvi haramu, bado zinaingia majini usiku, watu wazima wanaotufahamu wakizivuta. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, Lengo la 14 lilizungumzia bahari. Maziwa yalitajwa katika shabaha ya 6.6, chini ya Lengo la 6 linalohusu maji, iliyotaka mifumo yake ya ikolojia ilindwe na kurejeshwa ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ndio ambao nguzo yetu ilizama.

Kuhusu fedha tutasema kwa kifupi, kwa kuwa wewe unazijua hesabu hizo kuliko sisi. Mwaka 1970 nchi tajiri zilitakiwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa maendeleo ya nchi maskini, na hadi leo wanaofikia kiwango hicho ni wachache, wakiwamo Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg. Dola bilioni 100 kwa mwaka za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, zilizoahidiwa Copenhagen mwaka 2009 kuwa zitafikiwa 2020, zilitimia mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuja kama mikopo. Mtu aliyefurikiwa na maji akikopeshwa ndoo ya kuyachotea, haki haijatendeka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo mashine ya kupimia ubora wa maji. Ililetwa na mradi mmoja uliofadhiliwa kutoka nje, tukafundishwa kuitumia, na kwa mihula minne tulipima fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani na gugumaji, kila mwezi katika sehemu tatu za ufuko. Kisha muda wa mradi ukaisha, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikaisha, na barua zetu mbili hazikujibiwa. Mashine ni nzima, imo kabatini kwa mwalimu wa kemia. Ombi letu la kwanza ni vitendanishi hivyo, ambavyo havihitaji mradi mpya bali kifungu kidogo cha kudumu. La pili ni utusaidie kufahamiana na shule moja ya upande wa Kenya na nyingine ya Uganda, zenye kupima kama sisi, ili tubadilishane vipimo kila mwezi; ziwa ni moja, na daftari moja halitoshi. Na katika vikao unavyohudhuria, tunaomba uulize jambo ambalo sisi hatuna pa kuliulizia: mradi ukifungwa, nani anabaki na kazi?

Daftari letu liko mezani mbele yako. Safu ya kina cha maji imejazwa hadi Jumamosi iliyopita, na safu ya mvua pia. Safu ya tatu, ya fosfeti, ina kurasa tisa tupu.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Mazingira.