Barua kwa Mwanangu: Jina la Mtoto Unayemtarajia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nashukuru kusikia kwamba wewe na mkwe wangu hamjambo na kwamba siku za kujifungua zinakaribia kwa heri. Umeniomba nikuchagulie jina la mtoto. Ombi hilo ni heshima kubwa kwangu, lakini jina sitakupa, kwa kuwa kulichagua ni haki yenu wawili, na mimi kama babu kazi yangu itakuwa kuliita. Ninachoweza kukupa ni namna ya kulipima jina kabla halijaandikwa popote.

Kipimo changu ni kimoja. Ipo siku mtoto huyo, akiwa na miaka sita au saba, atakuuliza kwa nini anaitwa hivyo anavyoitwa, na atakuuliza wakati ambao hukujiandaa. Jina linalofaa ni lile ambalo sababu yake mnaweza kumweleza usoni, kwa sentensi mbili tatu, bila kumficha kitu na bila nyinyi wenyewe kuona haya. Katika Biblia, Sara alicheka aliposikia kwamba atazaa akiwa mzee, na mwanawe akaitwa Isaka, jina linalotokana na kucheka. Maelfu ya miaka yamepita na sababu ya jina hilo bado inasimulika kwa pumzi moja. Orodha za majina zilizojaa kwenye intaneti haziwezi kukupa kitu cha namna hiyo. Nyingi zinanakiliana, na maana zinazoandikwa humo mara nyingine ni za kubuni, kwa hiyo mkipenda jina la lugha msiyoijua, mwulizeni kwanza mtu anayeizungumza lugha hiyo.

Kwa kipimo hicho, majina ya machungu yananitia wasiwasi. Unawafahamu, kama ninavyowafahamu mimi, watu wanaoitwa Tabu, Shida, Mashaka na Matatizo. Wengi wao wameyabeba majina hayo kwa heshima, na simlaumu mzazi yeyote aliyempa mwanawe jina kama hilo, maana mara nyingi lilitokana na msiba, ugomvi wa ndoa au uzazi uliokuwa mgumu. Hata hivyo, habari iliyomo ndani yake ni habari ya mzazi. Mtoto hakuwapo ugomvi ulipoanza, na pengine ulikwisha kabla hajaota meno, lakini yeye ndiye atakayeitwa kwa jina la ugomvi huo darasani, kazini na siku ya harusi yake. Najua mimba hii imekutesa, na hawatakosekana watu wa kukushauri uikumbuke kwa jina. Mateso hayo yaandike kwenye daftari lako, au njoo unisimulie mimi, nitakusikiliza mpaka umalize.

Majina ya sifa njema, kama vile Neema, Imani, Amani na Subira, nayapenda zaidi, ingawa nayo yana deni lake. Subira akikasirika, kila mtu humkumbusha kwamba hafanani na jina lake. (Hasira yenyewe huwa haipungui kwa kukumbushwa.) Bado naona ni deni jepesi, mradi wazazi wasiwe wa kwanza kulidai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliandika waziwazi, ila nimeliona kati ya mistari: unafikiria jina la marehemu mama yako. Ningefurahi sana kulisikia likiitwa tena, na ninakuomba usilichague kwa sababu hiyo. Mtoto akipewa jina la marehemu aliyependwa, watu wazima humtazama wakimtafuta yule aliyeondoka; wakiona hana upole wake, au sauti yake, au bidii yake, huguna, na mtoto husikia. Ukiona utaweza kumwacha mwanao awe mtu wake mwenyewe, mpe jina hilo, kisha umsimulie bibi yake kama alivyokuwa: namna alivyocheka mpaka akashika ukuta, namna alivyokataa kuvaa miwani huku akituomba sisi tumtungie uzi kwenye sindano, namna alivyonuna kwa saa nzima akishindwa mchezo wa karata. Asipewe mtakatifu wa kufananishwa naye. Na ukiona kwamba kila utakapoliita jina hilo koo litakukaba, liweke liwe jina lake la pili, ambapo litatunzwa bila kuitwa kila asubuhi.

Kuhusu majina ya watu mashuhuri walio hai, nitasema machache. Mtu ambaye maisha yake hayajaisha anaweza kufanya lolote kesho, na jina lake likachafuka pamoja na la mwanao. Adolf lilikuwa jina la kawaida tu nchini Ujerumani, kabla Adolf Hitler hajalichafua kwa vita na mauaji yake. Baada ya 1945 wazazi waliotaka kumpa mtoto jina hilo walikuwa wachache mno.

Mkishaipata sababu, lisikilizeni jina lenyewe. Mmoja wenu akae chumba kingine aliite kwa nguvu, kisha alitamke taratibu kama anayembembeleza mtoto, kisha kwa ukali, halafu alisome pamoja na jina la baba kama litakavyosomwa mbele ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye umri wa miezi minne na nusu husikiliza kwa muda mrefu zaidi jina lao kuliko majina mengine, kwa hiyo sauti mtakayoichagua itaanza kuwa yake mapema kuliko mnavyodhani. Liandikeni pia kwa ukamilifu wake. Kwenye pasipoti, mstari unaosomwa na mashine una nafasi 39 tu za majina yote, pamoja na zile za kuyatenganisha, na hauna alama ya ritifaa, kwa hiyo jina lenye ng' litaonekana humo pungufu. Na kama jina lina tahajia nyingi, kama Mohamed, Mohammed na Muhammad, chagueni moja na kuishikilia katika kila hati, kwa sababu herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, kijana wenu atakuja kusumbuliwa kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule.

Kuandikisha msicheleweshe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unasema kwamba mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa na kwamba ana haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Ndugu wa pande zote mbili watakuja na mapendekezo yao, na baadhi watanuna. Wapokeeni kwa adabu, washukuruni, kisha amueni wenyewe.

Mkibaki na majina mawili yanayolingana, msiniletee nipige kura. Subirini mumwone mtoto kwanza. Na mkishaamua, nitumieni jina kamili kwa tahajia mtakayoiandikisha, nisije nikawa mtu wa kwanza kulikosea.

Nisalimie mkwe wangu.

Ni mimi,
Baba yako